Euphronios: mfinyanzi wa Athens aliyechora sauti

Msikilizaji, kazi yetu sisi wa redio ni sauti. Mzee akipiga zeze kijijini leo tunamrekodi, na kesho mnamsikia kwenye simu mkiwa shambani. Muziki wa Ugiriki ya kale haukupata bahati hiyo. Waliopiga na kuimba waliishi miaka 2500 iliyopita, vinubi vyao vya mbao vimeoza, na maandishi ya tuni zao yaliyobaki ni vipande vichache tu. Hata hivyo tunajua walivyoshika vyombo vyao, walivyokaa wakisikiliza, nani alilala kwenye kitanda cha karamu na nani alisimama akipuliza hadi usiku. Tunayajua hayo kwa sababu ya vyungu.

Wafinyanzi wa mji wa Athens walikuwa na desturi ya kuchora watu juu ya vyungu vyao, na mara nyingi mno watu hao wana chombo cha muziki mkononi. Leo tunawaletea maisha ya mmoja wa mafundi hao, Euphronios. Kati ya watu wanaosoma mambo ya kale, jina lake linatajwa kama vile wapenzi wa dansi wanavyowataja wapiga gitaa wakubwa wa zamani. Kabla hatujaendelea, kumbuka kwamba miaka ya kabla ya Kristo, yaani KK, huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Mwaka 520 KK ulitangulia mwaka 500 KK.

Hakuna mwandishi wa kale aliyesimulia maisha ya Euphronios. Waandishi wa Ugiriki waliandika habari za wafalme, majemadari na washairi, na mfinyanzi hakuwemo katika orodha hiyo. Habari zake zinatoka kwenye kazi za mikono yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuandika jina lake kwenye chungu. Mafundi wa Athens walitumia maneno mawili tofauti katika kusaini, moja la aliyechora na moja la aliyetengeneza, kwa kuwa mara nyingi hao walikuwa watu wawili. Kwa maneno hayo mawili tunaweza kumfuata tangu ujana hadi uzee: alianza kama mchoraji karibu mwaka 520 KK, na akamaliza kama mwenye karakana karibu mwaka 470 KK.

Udongo, maji na moto

Mtaa wa wafinyanzi wa Athens uliitwa Kerameikos. Ulikuwa upande wa kaskazini magharibi wa mji, kando ya kijito cha Eridanos, na sehemu ya mtaa huo ilikuwa makaburi. Humo ndimo Euphronios alimojifunza kazi. Baadhi ya vikombe vyake vya mwanzo vimesainiwa na watu wawili: Kachrylion kama mtengenezaji, na Euphronios kama mchoraji.

Akina mama wafinyanzi wanaotusikiliza wataelewa haraka kilichofanyika pale, ingawa wengi wao huchoma vyungu kwa kuni na majani mahali pa wazi, na wale wa Athens walitumia gurudumu na tanuru lililofunikwa. Udongo wa Athens una chuma kingi, kwa hiyo ukichomwa hugeuka rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Sehemu nyeusi inayong'aa kwenye vyungu hivyo siyo rangi ya dukani. Ni udongo uleule, uliokorogwa kwa maji na kuachwa utuame, chembe kubwa zikabaki chini na uji mwembamba wa juu ukachotwa. Walirudia hivyo mpaka wakapata uji laini kabisa, kisha wakachora kwa huo.

Siri ilikuwa kwenye moto. Kwanza waliuacha upepo uingie tanuruni na chungu chote kikawa chekundu. Kisha, joto likiwa limefika karibu nyuzi 900 za Selsiasi, waliziba matundu na kutia kuni mbichi. Moto ukakosa hewa, chungu chote kikawa cheusi. Mwishowe wakafungua tena matundu. Udongo wa kawaida ukarudi kuwa mwekundu, lakini zile sehemu zilizopakwa uji laini zilikuwa zimeshaungana kama kioo, hewa haikupenya, zikabaki nyeusi. Fundi akikosea kwa muda mfupi tu katika hatua hiyo ya mwisho, kazi ya siku nyingi ilipotea.

Zamani walikuwa wakichora watu weusi juu ya udongo mwekundu na kukwaruza mistari ya macho na nguo kwa ncha kali. Karibu mwaka 525 KK mafundi wa Athens waligeuza mtindo huo. Wakapaka weusi pembeni na kuwaacha watu wabaki na rangi ya udongo, kisha mistari ya ndani wakaichora kwa brashi nyembamba. Mkwaruzo ni mgumu, haupindi vizuri. Brashi inaweza kufuata kidole kinachoziba tundu la zumari, msuli wa shingo ya mwimbaji, au kope za mtu aliyezama katika wimbo. Euphronios alikuwa kijana wakati mtindo huo ukiwa mpya, na aliushika kwa pupa. Mistari yake mikuu imetuna juu ya chungu, ukipitisha kidole unaihisi. Mistari midogo ya misuli aliichora kwa uji uliozimuliwa, ukatoka wa rangi ya kahawia.

Hakuwa peke yake. Walikuwepo Euthymides, Phintias, Smikros na wengine wachache, ambao msomi wa Oxford aitwaye John Beazley, aliyefariki mwaka 1970, aliwapa jina la Waanzilishi. Beazley alitumia maisha yake kuwatambua wachoraji hata pale ambapo hawakusaini, kwa kuangalia vitu vidogo: sikio limechorwaje, goti limepindwaje, kifundo cha mguu kina mistari mingapi. Tunaielewa kazi hiyo. Ninyi wenyewe mnamtambua mtangazaji kwa sauti kabla hajataja jina.

Kinubi na zumari

Vyombo viwili vinatokea zaidi katika picha hizo. Cha kwanza ni kinubi. Kile cha kawaida kilitengenezwa kwa gamba la kobe lililowambwa ngozi, mikono miwili ikapanda juu, mti mmoja ukaikata kwa juu, na nyuzi, mara nyingi saba, zikateremka kutoka mti ule hadi kwenye gamba. Aliyewahi kuona nyatiti ya Wajaluo au litungu la Wakurya ataitambua sura hiyo mara moja. Kilikuwepo pia kinubi kikubwa cha mbao kwa ajili ya mashindano na sherehe, kizito, cha watu waliobobea.

Chombo cha pili vitabu vingi hukiita filimbi, lakini hilo si sahihi. Kilikuwa na vilimi vya tete mdomoni kama zumari, na mpigaji alipuliza mazumari mawili kwa wakati mmoja, moja kila mkono. Sauti yake ilikuwa kali na ilienda mbali. Wapigaji wengi walijifunga mkanda wa ngozi kuzunguka mashavu ili kuyazuia yasichoke. Wagiriki walikuwa na hadithi kwamba mungu wao wa kike, Athena, ndiye aliyeligundua zumari hilo, kisha akalitupa alipoona jinsi linavyomharibia sura kwa kuvimbisha mashavu.

Kinubi kilikuwa sehemu ya elimu. Mtoto wa kiume wa familia yenye uwezo alifundishwa kusoma, mazoezi ya mwili, na kinubi. Kikombe kimoja kilicho Berlin, kilichochorwa na Douris wa kizazi kilichofuata baada ya Euphronios, kinaonyesha darasa lenyewe: mwalimu na mwanafunzi wameshika vinubi, mwingine anafundishwa zumari, mwingine yuko mbele ya mwalimu aliyefungua gombo. Mtu mzima aliyekabidhiwa kinubi kwenye karamu akashindwa kukipiga alionekana hakulelewa vizuri.

Mguu mmoja jukwaani

Twende sasa kwenye kazi zenyewe. Katika makumbusho ya Louvre, Paris, kuna mtungi mpana wa kuchanganyia mvinyo uliosainiwa na Euphronios. Wagiriki hawakunywa mvinyo mtupu, waliuchanganya na maji kwenye mtungi wa aina hiyo, katikati ya chumba cha karamu. Upande mmoja wa mtungi huu shujaa Herakles anamkaba jitu Antaios, wamebanana ardhini, jitu limeanza kulegea. Ukizunguka upande wa pili unakuta utulivu. Kijana anapanda jukwaa dogo akiwa na zumari lake, na wasikilizaji wameketi wakimngojea. Jina la kijana limeandikwa, Polykles.

Athens ilikuwa na mashindano ya muziki katika sikukuu kubwa ya Athena iliyofanyika kila baada ya miaka minne. Waliimba kwa kinubi, walipuliza zumari, walighani mashairi marefu ya mashujaa. Wachoraji wengi walimwonyesha mpigaji akiwa tayari juu ya jukwaa, kazi imekolea. Euphronios alichagua dakika ya kabla yake, wakati hakuna sauti yoyote iliyotoka. Sisi tunaoketi mbele ya kipaza sauti tukingoja taa iwake tunaijua dakika hiyo, na tunakiri kwamba ndiyo iliyotufanya tumchague Euphronios kwa makala haya.

Mtungi mwingine uko Munich, Ujerumani. Hapa tuko ndani ya karamu. Wanaume wamelala ubavu kwenye vitanda, viwiko vimeegemea mito, kama ilivyokuwa desturi. Kila mmoja ana jina lake: Thoudemos, Melas, Smikros, Ekphantides. Mbele yao amesimama mwanamke anayepuliza mazumari mawili, naye pia ameandikwa jina, Syko. Jina hilo linafanana na neno la Kigiriki la tunda la tini, na huenda lilikuwa jina lake la kazi.

Ekphantides anaimba. Kichwa amekirudisha nyuma, mkono mmoja ameupandisha kichwani, kinywa wazi. Na kutoka kinywani mwake zinatoka herufi, moja baada ya nyingine, zikielea kwenye weusi wa chungu. Ni mwanzo wa wimbo wa kumsifu Apollo, mungu wa muziki. Karamu za Wagiriki zilikuwa na kawaida ya kuimba kwa zamu, na wimbo wa kwanza mara nyingi ulikuwa wa miungu. Euphronios hakuwa na njia ya kuiweka sauti ile kwenye udongo, kwa hiyo aliiandika, tena akaiweka pale inapotokea. Aliyesoma herufi zile wakati akichota mvinyo aliujua wimbo, na huenda aliuendeleza mwenyewe.

Wataalamu husifu sana uchoraji wa misuli katika kazi za Euphronios, na wana haki. Lakini kwetu sisi, zile herufi zinazotoka kinywani ndizo kubwa zaidi.

Waliokodiwa

Turudi kwa Syko, maana hapa picha inabadilika. Wanaume waliolala kwenye vitanda walikuwa wageni. Yeye alikuwa kazini. Wanawake wapiga zumari walikodiwa kwa usiku mmoja, wengi wao walikuwa watumwa ambao malipo yao yalikwenda kwa bwana, na usiku ulipokuwa mrefu walitarajiwa kutoa zaidi ya muziki. Wake na binti za watu wa Athens hawakukaribishwa kwenye karamu hizo.

Tuna hata habari za bei. Karibu miaka 200 baada ya Euphronios, kitabu kinachoeleza serikali ya Athens, kilichoandikwa na Aristotle au wanafunzi wake, kinataja maofisa wa mji waliopewa kazi ya kuhakikisha hakuna mpiga zumari, mpiga kinubi wala mpiga kinanda cha nyuzi wa kike anayekodiwa kwa zaidi ya drakma 2. Wanaume kadhaa wakimgombania mmoja, maofisa walipiga kura na kumkabidhi aliyeshinda. Yeye mwenyewe hakuulizwa.

Huko Saint Petersburg, Urusi, kuna mtungi wa kupozea mvinyo ambao Euphronios aliuzungushia wanawake wanne. Wamelala uchi kwenye magodoro, wanakunywa, mmoja anapuliza zumari. Mwingine, Smikra, anarusha matone ya mvinyo yaliyobaki kwenye kikombe chake, mchezo uliopendwa sana karamuni, na maneno yaliyoandikwa pembeni yanaonyesha kwamba anamrushia kwa heshima kijana Leagros. Hakuna mwanamume chumbani. Wapo wanaoiona picha hiyo kama wanawake waliojipatia karamu yao wenyewe. Sisi tuna mashaka. Mtungi ulitengenezwa uwekwe mbele ya wanaume wanaokunywa, na hata pale wasipokuwepo, mchezo unachezwa kwa jina la mmoja wao. Lakini majina manne yameandikwa, Smikra, Palaisto, Agape na Sekline, na watu wa aina yao karibu wote wamepita duniani bila jina lolote kubaki.

Na yeye mchoraji, alilipwaje? Chini ya baadhi ya vyungu vya Athens kuna alama za bei zilizokwaruzwa na wafanyabiashara. Mitungi mikubwa yenye picha ilikwenda kwa drakma 2 au 3, na hiyo ndiyo bei ya juu. Kuelekea mwisho wa karne hiyo ya tano KK, fundi mzuri alilipwa drakma 1 kwa siku. Mtungi bora wa Euphronios ulikuwa na thamani ya siku chache za kazi.

Mafundi wajichora kama mabwana

Hapo ndipo linakuja jambo linalowashughulisha wataalamu hadi leo. Mmoja wa wanaume waliolala kwenye karamu ya Munich anaitwa Smikros. Tumeshalitaja jina hilo: ni mchoraji mwenzake Euphronios. Smikros naye amejichora kwenye mtungi ulioko Brussels, akiwa amelala karamuni kama tajiri, mpiga zumari mbele yake. Phintias alichora kwenye mtungi wa maji darasa la kinubi, na kijana mmoja mle ndani ameandikwa jina la Euthymides, mchoraji mwingine wa kundi hilohilo. Kwenye chungu kingine kilicho Marekani, kilichochorwa na Smikros, jina la Euphronios mwenyewe limewekwa kando ya mtu anayemwendea Leagros.

Fikiria mtu mwenye udongo hadi kwenye viwiko, anayeamka alfajiri kuangalia tanuru, akijichora amejinyoosha kwenye mto akisikiliza muziki wa kukodiwa. Wapo wataalamu wanaosema ulikuwa utani wa kazini, mafundi wakichekeana. Wengine wanasema wafinyanzi wa wakati ule walikuwa wameanza kutajirika na waliingia kweli kwenye karamu hizo. Wapo pia wanaodai Smikros hakuwahi kuwepo, kwamba ni jina ambalo Euphronios alilibuni kwa mchezo. Sisi tunaegemea kwenye utani, lakini utani wenye dai ndani yake. Kinubi kilikuwa alama ya mtu aliyelelewa, na kumweka mwenzako kwenye darasa la kinubi ni kusema kwamba naye anastahili.

Utani wenyewe ulikuwa mkali. Euthymides alichora mtungi wa mishikio miwili wenye wanaume watatu wanaocheza wakitoka karamuni, miili imejipinda kwa namna ngumu kuchora. Kisha akaandika pembeni, mbele ya wateja wote, kwamba Euphronios hajawahi kufanya kazi kama ile. Mtungi huo upo, na majigambo yake yanasomeka hadi leo, nayo yamemsaidia Euphronios kuliko kumwumiza.

Miaka hiyo Athens nayo ilikuwa ikigeuka. Mwaka 514 KK Hipparchos, ndugu wa mtawala wa mabavu, aliuawa wakati wa sikukuu ya Athena. Mwaka 510 KK mtawala mwenyewe, Hippias, alifukuzwa, na mwaka 508 KK Kleisthenes akaanzisha mpango mpya uliowapa wananchi wa kawaida sauti katika mambo ya mji. Mitungi ya Waanzilishi ilifinyangwa katikati ya misukosuko hiyo. Leagros, kijana wa familia kubwa ambaye uzuri wake Euphronios aliusifu kwenye chungu baada ya chungu, alikuja kuwa jemadari na akafa vitani huko Thrace karibu mwaka 465 KK.

Fungu la kumi

Karibu mwaka 500 KK saini ya Euphronios inabadilika. Neno la kuchora linaisha na linabaki neno la kutengeneza. Sasa ana karakana, na wanaochora ni vijana, hasa Onesimos, ambaye vikombe vyake ni vya hali ya juu. Wapo waliokisia kwamba macho ya mzee yalikuwa yamepungua nguvu. Pengine pia kumiliki karakana kulilipa zaidi kuliko kushika brashi.

Mwaka 480 KK Waajemi waliingia Athens na kuichoma moto, pamoja na mahekalu ya kilimani, Akropoli. Wakazi walikuwa wamekimbia kwa mashua. Waliporudi baada ya ushindi wa Salamis walianza upya juu ya majivu. Karibu miaka mitano baadaye, jiwe lilisimamishwa kilimani pale na mfinyanzi Euphronios, likiwa zawadi kwa Athena kutoka fungu la kumi la mapato yake. Vipande vya jiwe hilo vimepatikana. Ndani ya maandishi limo neno la afya, na ndilo lililozaa yale makisio kuhusu macho. Kazi yake ameitaja kwa neno la kawaida la mfinyanzi.

Safari ya kwenda Italia na kurudi

Huenda mnajiuliza vyungu hivi vilisalimikaje. Athens kwenyewe vingi vilivunjika na vigae vikatupwa. Lakini wafanyabiashara walivipakia melini na kuviuza Italia, kwa Waetruski, watu matajiri walioishi kaskazini mwa Roma. Waetruski walivipenda mno kiasi cha kuvizika pamoja na wafu wao katika makaburi kama vyumba, yaliyochongwa kwenye miamba. Humo vilikaa zaidi ya miaka 2000 bila kuguswa.

Kisha wakaja wezi. Desemba 1971, karibu na mji wa Cerveteri, wachimbaji wa usiku walifungua kaburi na kutoa mtungi wa mvinyo wa Euphronios, wenye uwezo wa kubeba kama lita 45, yaani zaidi ya madumu mawili ya lita 20. Picha yake ni ya msiba: shujaa Sarpedon ameuawa katika vita vya Troy, na ndugu wawili wenye mabawa, Usingizi na Kifo, wanamwinua wampeleke kwao akazikwe. Mwaka 1972 makumbusho ya Metropolitan ya New York iliununua kwa dola milioni 1, bei ambayo haikuwahi kulipwa kwa chungu chochote cha kale kabla ya hapo. Italia ilidai chungu chake kwa miaka mingi. Makubaliano yalitiwa saini mwaka 2006, na Januari 2008 mtungi ukarudi.

Kikombe kikubwa cha Onesimos, chenye saini ya Euphronios kama mtengenezaji, nacho kilikuwa kimefika makumbusho ya Getty huko California na kikarudishwa Italia mwaka 1999. Kaburi likichimbwa usiku, habari nyingi hupotea: nani alizikwa, chungu kilikaa upande gani, kilikuwa na vyombo gani jirani. Mtungi wa Sarpedon umerudi, ila habari za aliyezikwa nao zimekwenda na wezi.

Leo mtungi huo uko katika makumbusho ya Cerveteri, si mbali na makaburi ulikotolewa. Mtungi wa Polykles nao ulitoka Cerveteri, lakini katika karne ya 19, ukaingia katika mkusanyo wa tajiri Giampietro Campana, na serikali ya Ufaransa ikaununua mkusanyo huo mwaka 1861. Huo bado uko Louvre, kijana wake akiwa anapanda jukwaa na zumari mkononi.